Tusimkopeshe Mgeni Jina, Tumsaidie kwa Njia ya Halali

(Maelezo ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika, Ntobeye, Wilaya ya Ngara)



Tumesimama hapa kueleza kwa nini ofisi ya miradi ilirudisha ombi moja la mkopo kutoka Ntobeye. Wengi wenu mlisikitika. Nasi pia.

Mwombaji ni Mrundi, fundi ujenzi mwenye kibali cha kuajiriwa. Anajua pia kutengeneza simu, akataka kufungua kibanda cha ufundi huo pamoja na huduma ya kutuma pesa. Kwa kuwa kibali chake hakiruhusu biashara, mwanakikundi mmoja alikubali leseni iandikwe kwa jina lake. Alifanya hivyo kwa upendo, lakini wote wawili wangeingia matatani.

Ndugu wajumbe, kibali cha ukaazi kina madaraja. Daraja A ni la mwekezaji na anayejiajiri. Daraja B ni la aliyeajiriwa. Daraja C ni la makundi mengine, wakiwamo wanafunzi, watafiti na wamisionari. Mwenye Daraja B hufanya kazi iliyoandikwa kwa mwajiri aliyeandikwa, basi. Hata wageni wanaokuja kujitolea katika miradi yetu hawawezi kufungua duka.

Zaidi ya hapo, Julai 2025 Serikali ilitoa amri inayotaja biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Zimo kutengeneza simu, kutuma pesa kwa simu, kununua mazao shambani na sehemu kubwa ya biashara ya rejareja. Kwa hiyo kibanda kile kisingewezekana hata kwa Daraja A. Mgeni akikutwa na hatia, faini haipungui shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na kibali hufutwa. Raia aliyemsaidia naye hutozwa shilingi milioni 5 au hufungwa miezi 3. Hebu tujiulize: ni kikundi gani hapa chenye milioni 5 za kulipia jina?

Wengine husema, "Sisi sote ni Afrika Mashariki." Ni kweli Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, lakini haikuondoa vibali.

Ngara tunawajua wageni. Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, tukawapokea. Baadaye tuliishi na Warundi wa kambi ya Lukole hadi ilipofungwa mwaka 2008. Wao hawakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila ruhusa, ila njaa na mahitaji viliwafanya watafute vibarua na kubadilishana vyakula na wenyeji. Tuliona jinsi mtu asiye na karatasi anavyodhulumiwa ujira wake na kukosa pa kulalamika. Hatari hiyo imo pia katika jina la kukopa. Mwenye jina akigeuka, mgeni hana ushahidi kwamba mtaji ni wake.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kamati isome kibali cha mwombaji kabla ya kupokea fomu, na iulize Uhamiaji na Afisa Biashara wa wilaya palipo na shaka. Pili, kama kikundi kinataka kibanda, kiwe mali ya kikundi kweli, leseni na faida vikiwa vyake. Fundi huyu akitakiwa kuajiriwa humo, vibali vipya viombwe kwanza. Tatu, vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi nchi jirani waelezwe haya haya, maana huko wao ndio wageni.

Wafadhili wetu, fedha za mkopo ule hazijapotea. Zipo zikisubiri ombi lililo sahihi. Nanyi wajumbe, msimwache ndugu yule. Mwende kwake wiki hii, mketi naye, mumweleze kwamba tulirudisha fomu, hatukumkataa yeye.