Neno Moja Uchochoroni

Somo: Marko 9:14–29

Leo tufikiri juu ya maneno tunayotumia kunena habari za mambo yasiyoonekana: roho, pepo, mbingu, kuzimu. Twayatamka kila Jumapili. Je, tumepata kuyapima?

Mwanadamu hana lugha ya mbinguni. Akitaka kusema habari za kitu ambacho jicho halikioni wala mkono haukishiki, huazima neno kutoka katika vitu anavyovijua. Waebrania waliita upepo na pumzi ruach, na kwa neno hilohilo wakamtaja Roho wa Mungu. Wayunani walisema pneuma, upepo na roho pamoja. Sisi roho tumeipata kwa Waarabu, lakini upepo wetu ni ndugu yake pepo. Tena twasema pepo wachafu, na mahali pa raha twapaita peponi. Neno moja limebeba hofu na tumaini. Kitu cha kuazima hushikwa kwa uangalifu.

Sasa twende Mashimoni, kule Kibera, Nairobi. Nyumba zimegusana mabati; jirani akikohoa, wewe wasikia kitandani mwako. Wapo Wanubi, ambao katika lugha yao jina la Kibera lilikuwa na maana ya msitu. Wapo Wajaluo, Waluhya, Wakamba na Wakikuyu. Mjaluo akiomba humwita Mungu Nyasaye. Mkikuyu na Mkamba husema Ngai. Mswahili akitaja ngoma, afikiri kucheza. Nyanya wa Kikikuyu akilisikia neno hilo, aweza kufikiri mizimu. Neno moja hupita uchochoroni na kuingia nyumba mbili kwa maana mbili.

Basi, fikirini mtoto ameanguka katika uchochoro huo, mwili unatetemeka, povu linamtoka. Mtu mmoja akisema, "Ana pepo," neno hilo litafika bombani kabla mama hajamwinua mwanawe. Kesho watoto wenzake watakatazwa kucheza naye. Keshokutwa mama ataambiwa ahame. Na dawa haitatafutwa. Kumbe huenda ni kifafa, ugonjwa wa ubongo usioambukiza kwa povu wala kwa kugusana. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba wagonjwa wa kifafa hadi 70 katika kila 100 waweza kuishi bila kuanguka, wakipata dawa ifaayo na kuitumia sawasawa.

Lugha yetu yenyewe yatuonya. Pepopunda una pepo ndani ya jina lake, lakini asili yake ni kijidudu cha udongoni na samadini kiingiacho kwa jeraha, na chanjo huuzuia. Jina limebaki la kale. Ujuzi umesonga mbele.

Mwingine atauliza, "Mhubiri, wataka kusema pepo hawako?" La, sisemi hivyo. Marko aandika kwamba kijana yule alikuwa na pepo. Lakini fungueni Mathayo 17 katika Biblia yetu ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952: baba yake amwambia Bwana kwamba mwanawe ana kifafa. Kijana ni yuleyule. Maneno ni mawili. Na tazameni alivyofanya Bwana. Waandishi walikuwa wakibishana na wanafunzi, na umati umewazunguka. Yeye alimgeukia baba na kumwuliza ni tangu lini mwanawe amepatwa na jambo hili. Aliyejua yote aliuliza kwanza! Kisha, watu walipodhani kijana amekufa, Yesu alimshika mkono, akamwinua.

Ndugu Mkristo, huo ndio utaratibu wetu. Jirani akianguka, usikimbilie kumpa jina. Mlaze ubavu, ondoa kitu cha kumwumiza, usimtie kijiko kinywani, kaa naye hata apate fahamu. Muulize mama yake, kama Bwana alivyouliza. Fuatana naye mpaka zahanati, na njiani mwombee. Maombi na dawa havigombani. Vyote vyatoka katika mkono mmoja. Na wewe mzee wa kanisa, kabla hujatamka neno pepo juu ya mtoto wa mtu, kumbuka kwamba wewe utakwenda nyumbani ukalale, naye atabaki na neno hilo miaka mingi.

Mambo ya rohoni ni makuu kuliko maneno yetu. Tuyanene kwa unyenyekevu, na kwa upendo wa jirani.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetupa pumzi, ulinde ulimi wetu. Pale tusipojua, utupe moyo wa kuuliza, na mkono wa kumwinua aliyeanguka. Kwa Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.