Mtihani wa Historia: Kutaja Siyo Kueleza

Leo tunazungumza na vijana wa kidato cha nne wanaojiandaa na mtihani wa taifa wa Historia, hasa wale wanaodhani kazi ni kukariri miaka.

Chukua Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Kwamba vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, hilo unalo kichwani. Lakini swali likiuliza kwa nini Wajerumani walishinda, mwaka huo hautakuokoa. Msahihishaji anatafuta hoja pamoja na ushahidi wake: bunduki za rashasha dhidi ya mikuki na magobore; jamii kujiunga kwa nyakati tofauti, Wangoni wakiingia vita vikiwa vimeshaanza; kisha Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza kile ambacho risasi hazikumaliza. Kila hoja ipe aya yake. Ukiandika "silaha duni" ukaishia hapo, umetaja, hujaeleza.

Na soma swali mara mbili. Umeulizwa sababu, ukajibu matokeo? Hata mwandiko uwe mzuri vipi, alama huna.

Jambo jingine tunalolifumbia macho: mnajadiliana kwa Kiswahili, mtihani mnauandika kwa Kiingereza. Basi mjadala ukiisha, kila mmoja aandike insha yake kwa Kiingereza, kwa kutazama saa, daftari likiwa limefungwa.

Nanyi wazazi, kipindi hiki wapunguzieni watoto wenu kazi za jioni, hasa mabinti. Hata kaka zao wanaweza kuteka maji na kuosha vyombo.