Mkopo Haulipwi kwa Mtoto

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kikundi, sherehe ya miaka kumi, Ujiji)



Leo wengi wamesifu hisa zetu na sanduku letu la kufuli tatu. Tunashukuru. Lakini kuna jambo tulilokosea, nalo tunataka liandikwe humu kitabuni.

Mnakumbuka mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilivyofungwa, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Chanja za dagaa zikabaki tupu. Mwenzetu mmoja anayeanika dagaa akashindwa marejesho. Tukamwendea nyumbani mara tatu, kwa maneno makali. Mwishowe akaja kikaoni akatuambia tusiwe na wasiwasi: binti yake wa miaka 12 anakwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, na mshahara utaletwa kwetu. Jamani, tulifurahi! Katibu akashika kalamu.

Siku hiyo alikuwepo mtoto mwingine, amemfuata mama yake, anasoma darasa moja na huyo binti. Akauliza: "Mama zangu, kwenye kitabu mtaandika jina la nani? La aliyekopa au la anayelipa?"

Hakuna aliyemjibu.

Ndipo mwalimu mmoja, mlezi wa kikundi, akatusimulia habari za Iqbal Masih wa Pakistani. Akiwa na miaka minne, familia yake ilikopa rupia 600 kwa mwenye karakana ya mazulia, na yeye akawekwa kulifanyia kazi deni. Deni likazidi kukua. Alipofika miaka kumi alitoroka, akawa anawaambia watoto wenzake kwamba sheria iko upande wao. Mwaka 1994 alifika Marekani, akazungumza na wanafunzi wa shule ya Broad Meadows mjini Quincy. Aprili 16, 1995, akauawa kwa risasi. Alikuwa na miaka 12.

Wale wanafunzi wa Quincy walilia, kisha wakafanya tunachofanya sisi: wakachangishana. Waliomba dola 12 kwa kila mchangiaji, mpaka shule ikajengwa Kasur, Pakistani. Mwaka 1999 Shirika la Kazi Duniani likapitisha Mkataba Namba 182 dhidi ya kazi mbaya kabisa za watoto. Tanzania ikauridhia mwaka 2001.

Mtoto wetu hakuwa amemsikia Iqbal, lakini swali lao ni moja.

Siku ile ile tulimwongezea mwenzetu muda hadi Desemba, bila faini. Mfuko wa jamii ukatoa sare na madaftari. Ziwa lilipofunguliwa alirejesha hadi shilingi ya mwisho, na binti yuko shuleni.

Katiba yetu sasa inasema marejesho yatoke kwenye jasho la aliyekopa. Mtoto kumsaidia mama kugeuza dagaa baada ya masomo ni malezi. Kumwachisha shule ili alipe deni ni kumweka rehani, na anayepokea fedha hiyo naye ana lake la kujibu.

Basi, akina mama, kabla hujabisha hodi kwa mdaiwa, uliza kwanza: watoto wako wapi?