Maneno kwa Watu wa Milimani Washukao Pwani

Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya safari za kushuka pwani, yaani Tanga, Pangani na Dar es Salaam, na za kuvuka bahari kwenda Unguja na Pemba. Wengi wenu mmetuzidi umri, nanyi mlikwisha kushuka na kupanda mara nyingi kabla sisi hatujajua kusoma. Basi hatukuja kuwafundisha njia. Tumekuja kunena hasa habari ya jambo moja liwapatalo watu wa nchi za baridi: mtu hushuka mzima, hurudi mzima, na baada ya siku kumi au kumi na mbili yu kitandani, na watu wa nyumbani mwake hawajui ana nini.

Jambo hili halikuwa geni kwa wazee wa milima ya Usambara. Daktari mmoja Mdachi aliyekuwa mashuhuri, Robert Koch, alikuwako katika nchi hii miaka ya 1897 na 1898, akichungua homa. Wasambaa walimweleza kwamba mtu akishuka nyikani huumwa na wadudu waitwao mbu, kisha huugua. Na ugonjwa wenyewe wakauita kwa jina lilo hilo, mbu. Wakati ule wataalamu wa Ulaya walikuwa wangali wakibishana, na wengine walisema homa hutoka katika hewa mbaya ya vinamasi. Mwaka 1897 ndipo Daktari Ronald Ross, huko Bara Hindi, alipoviona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Twapenda kulikumbusha jambo hili, maana vijana wetu hudhani kwamba kila ujuzi ulikuja kwa meli.

Sasa, kwa nini mwenyeji wa Pangani aumwe na mbu wale wale aende zake shamba, na mgeni wa milimani aanguke? Sababu ni hii. Mahali penye baridi vijidudu vya malaria hukawia kukua ndani ya mbu, na mara nyingi mbu hufa kabla havijakomaa. Kwa hiyo mtu aliyekulia mlimani hakuvizoea. Mwenyeji wa pwani, kama aliokoka utotoni, mwili wake umejifunza kupigana navyo, ingawa hauvishindi kabisa. Tena kinga hiyo haidumu. Aliyezaliwa pwani, akapewa kazi milimani akakaa huko miaka mingi, hushuka akiwa mgeni kama wageni wengine. Huyo ndiye tumwoneaye huruma zaidi, kwa kuwa husema, “Mimi ni mtoto wa pwani, mbu wananijua,” akalala pasipo chandarua.

Basi mwende na chandarua chenye dawa, msitumaini kukikuta kwa mwenyeji wenu. Huenda anacho kimoja tu, naye atawapa ninyi kwa heshima, watoto wake walale wazi. Mbu wa malaria huuma usiku, tangu giza kuingia mpaka alfajiri. Kwa hiyo yafaa kuvaa nguo ndefu jioni, hasa mkiketi barazani kuzungumza. Mwanamke mwenye mimba na mtoto mchanga, kama safari yaweza kungoja, na ingoje. Kama haiwezi, waonane na mganga wa zahanati kabla ya kuondoka. Huko Unguja malaria imepunguzwa sana, lakini haijakwisha. Kazi ya kupiga dawa majumbani ilianza huko mwaka 1957 na ikaachwa mwaka 1968, na maradhi yakarudi. Ndiyo sababu wenyewe hawapendi kusikia mgeni akisema kwamba kwao hakuna mbu tena.

Lakini hatari iliyo kubwa kwetu ni baada ya kurudi. Vijidudu vya malaria hukaa mwilini siku saba au zaidi, pengine hata mwezi mzima, kabla ya homa kutokea. Mtu amekwisha kufika kwake, amekwisha kugawa nazi na samaki wakavu, safari imesahauliwa. Homa inapomshika, watu husema ni baridi, ni mafua, ni uchovu. Tulimfahamu kijana mmoja aliyerudi kutoka pwani akashikwa hivyo. Akapewa chai ya tangawizi na vidonge vya kutuliza maumivu. Hata kwenye zahanati walipompeleka siku ya tatu, hakuna aliyemwuliza alikotoka, wala yeye hakusema. Siku ya tano shangazi yake ndiye aliyetaja safari. Alipopimwa, fahamu zilikuwa zimekwisha kumtoka. Alizikwa Jumamosi.

Kwa hiyo twawasihi, ninyi walimu zaidi, mkawaambie wanafunzi na wazazi wao: homa yo yote katika mwezi wa kwanza baada ya safari ya pwani ni malaria mpaka kipimo kikatae. Nendeni siku ile ile, na neno la kwanza kumwambia mganga liwe hili, “Nilikuwa pwani.” Kipimo ni tone la damu la kidoleni, na jibu hupatikana kwa muda mfupi. Wakionekana wadudu, dawa ya mseto hunywewa mara mbili kwa siku, siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Wengi huacha siku ya pili kwa kuwa wamepata nafuu, wakamwekea ndugu vidonge vilivyosalia. Huo si ukarimu. Wawili hao hawatapona sawasawa.

Iko na homa nyingine, ya dengi, iliyoenea Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu wake huuma mchana, naye huzaa katika maji yaliyotuama makoponi na katika magurudumu mabovu. Mwenye homa asiyejua ni ipi asimeze aspirini, maana katika dengi huzidisha kutoka damu.

Habari ya maji ni fupi. Chemsheni, au nunueni yaliyofungwa. Tumbo likiharibika, changanyeni lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, mgonjwa anywe kidogo kidogo, huku mkimpeleka kwa mganga. Na joto la pwani msilidharau: mtu wa milimani afanye kazi zake asubuhi na jioni, adhuhuri akae kivulini kama wenyeji wafanyavyo. Wao si wavivu.

Kwa adabu, wengi wetu twajua. Piga hodi, vua viatu, kula kwa mkono wa kuume, uwaamkie wakubwa. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana, hata kama wewe si Mwislamu. Na wanawake kwa wanaume wasitembee mjini na nguo za kuogelea, jambo ambalo wageni wa mbali hulifanya na kuwaudhi wenyeji wasiosema neno.

Limebaki la bahari. Masika, tangu Machi hata Mei, barabara za mashamba huharibika. Na kusi ikivuma kwa nguvu, Juni hata Agosti, mlango wa bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja huchafuka sana. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama Skagit karibu na Chumbe, katika upepo mkali. Watu wengi walipotea, na wengine hawakuonekana hata leo. Basi mkifika gatini mtazame kwanza. Mkiona watu wanaingia wasio na tiketi, mizigo imeziba njia za kutokea, au hakuna awezaye kuwaonyesha maboya ya kuvaa yalipo, rudini. Msione haya kwa sababu ya nauli, wala kwa sababu wenzenu wamekwisha kupanda; mkalale kwa jamaa, chini ya chandarua, mngojee chombo cha kesho.