Mkutano wa Wazazi ni Bunge Letu la Kwanza

Hotuba ya wakili mmoja wa Taita Taveta mbele ya wazazi, walimu na waumini mjini Voi



Mmenitaka niseme juu ya sheria na shule zetu. Naomba nianze kwa swali. Kila mmoja wetu humu anajivunia kwamba nchi hii ilipigania haki ya kuchagua viongozi, ikaipata. Je, ndugu yangu, mara ya mwisho ulipomchagua mtu wa kukuwakilisha katika bodi ya shule ya mtoto wako, ulimchagua vipi? Wengi mtajibu kwamba jina lilitajwa, mtu wa pili akaunga mkono, makofi yakapigwa, na mkutano ukafungwa kwa sala. Wengine mtasema hamkumbuki kama uchaguzi wenyewe ulikuwapo.

Wazee wetu wanaujua utaratibu huo kwa jina jingine. Mwaka 1988 Wakenya walisimamishwa foleni nyuma ya wagombea au nyuma ya picha zao, na aliyehesabiwa kuwa na zaidi ya asilimia 70 ya foleni alitangazwa mshindi moja kwa moja. Tuliuita mlolongo. Palikuwapo mahali ambapo foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu, na kila mtu akiona kwa macho yake. Makanisa hayakunyamaza. Tangu mwaka 1986 wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa la Kenya walikuwa wameupinga mpango huo, kwa hoja kwamba mchungaji mwenye waumini wa pande zote hawezi kuonekana amesimama nyuma ya mtu mmoja. Jarida la Baraza hilo, Beyond, lilipoeleza yaliyotendeka katika uchaguzi, lilipigwa marufuku. Mlolongo uliachwa mwishoni mwa mwaka 1990. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Na tarehe 29 Desemba 1992 tukapiga kura katika mfumo wa vyama vingi.

Swali langu, basi, ni hili: mbona mlolongo tuliouondoa katika taifa tumeuacha ukae shuleni? Mama aliyepanga chumba hapa Voi, anayeuza mboga karibu na stesheni, anawezaje kuinua mkono kumpinga mwenye duka anayemkopesha unga, au mzee wa mtaa, mbele ya macho yao? Yaliyosemwa na wachungaji mwaka 1986 yanamhusu yeye vilevile.

Sasa niseme juu ya sheria, maana haki isiyojulikana ni kama haipo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaagiza kwamba bodi ya usimamizi wa shule ya umma iwe na watu sita waliochaguliwa kuwawakilisha wazazi, na katika shule za sekondari za kaunti, jamii ya mahali hapo. Wengine ni mmoja aliyeteuliwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, mmoja aliyechaguliwa na walimu, watatu wa mfadhili wa shule, mmoja wa makundi maalumu katika jamii, mmoja wa watu wenye mahitaji maalumu, na mjumbe wa baraza la wanafunzi. Hesabuni wenyewe. Hakuna kundi lenye viti vingi kuliko wazazi.

Zaidi ya hayo, sheria hiyo imeunda chama cha wazazi, ambacho kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wake. Hakuna kadi ya kununua wala kiingilio. Kamati yake huwa na mjumbe wa kila darasa pamoja na walimu wawili, nayo huchaguliwa katika mkutano mkuu wa mwaka, ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Mwenyekiti wake na wajumbe wawili huingizwa katika bodi. Ndiyo maana nasema mkutano wa wazazi ni bunge letu la kwanza. Bunge la Nairobi tunalichagua mara moja kwa miaka mitano; hili tunaliita kila mwaka, na ukumbi wake uko umbali wa kutembea kwa miguu.

Wazazi wenzangu, tusemeje juu ya fedha? Elimu ya msingi ya bure ilirudi mwaka 2003. Mgao wa Serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi uliwekwa kuwa shilingi 1,020 kwa mwaka, baadaye ukapandishwa hadi 1,420. Shule yenye watoto 300 inastahili, kwa kiwango hicho cha pili, shilingi 426,000 kwa mwaka. Kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, kiwango kilichotangazwa mwaka 2018 kilikuwa shilingi 22,244. Lakini kilichotangazwa na kilichofika si kitu kimoja. Mwezi Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba Serikali inaweza kumudu takriban shilingi 16,900 tu kwa kila mwanafunzi huyo. Tumhurumie mwalimu mkuu. Fedha zinachelewa na zinapungua, ilhali chaki, maji na mshahara wa mlinzi havingoji. Mwalimu mkuu mwaminifu ndiye wa kwanza kunufaika wazazi wanapoziona hesabu, kwa kuwa hapo ndipo watakapojua upungufu umetoka wapi, nao watasimama naye kuudai.

Pengo hilo ndilo linalozaa michango: ya mtihani, ya dawati, ya chakula. Sheria haikukataza kila mchango, lakini imeweka mipaka mitatu. Kwanza, karo ya mafunzo hailipwi katika shule ya umma, na malipo mengine ni lazima yaidhinishwe na Waziri kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Pili, mtoto hatakataliwa kuhudhuria masomo kwa sababu hajalipa malipo hayo. Tatu, hakuna ruhusa ya kupokea mchango bila kutoa stakabadhi rasmi.

Mpaka wa pili una uzito wa pekee kwetu sisi. Hifadhi za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya kaunti yetu, na ndovu hawasomi ramani. Mtoto wa Sagalla, Marungu au Kasigau anayerudishwa nyumbani saa nne asubuhi kwa deni la shilingi mia mbili huenda akatembea peke yake katika njia ambayo asubuhi aliipita pamoja na wenzake. Jina lake limeandikwa katika daftari la wadaiwa. Usalama wake haukuandikwa mahali popote. Naomba jambo hili liwe azimio la kwanza la kila mkutano wa wazazi: hakuna mtoto atakayetolewa darasani kwa ajili ya mchango.

Sasa nawageukia ndugu zangu wa makanisa. Historia ya elimu katika milima hii haiwezi kuandikwa bila ninyi. Mmishenari Joseph Wray wa Kanisa la Anglikana alifika Sagalla mwaka 1883, na misheni ya Kikatoliki ya Bura ilianza mwaka 1892. Ndiyo maana shule nyingi hapa kwetu mpaka leo zina mfadhili ambaye ni kanisa. Sheria inatambua kazi hiyo: inawapa viti vitatu, nafasi ya kushauri katika mambo ya kiroho, na wajibu wa kusaidia kwa fedha na majengo. Lakini inawataka pia walinde imani ya watoto wa madhehebu na dini nyingine. Mfadhili ni mlezi wa shule, wala si mwenye shule. Kanisa lililopinga mlolongo lisikubali viti vyake vitatu vigawanywe nyuma ya pazia. Lipeleke katika bodi watu wanaojua kusoma hesabu, wasioogopa kuuliza.

Vijana nao wasidhani kwamba kudai uwazi ni desturi ya kigeni. Chama cha Taita Hills Association, kilichoanzishwa mwaka 1939 na watu kama Woresha Mengo na Jimmy Mwambichi, kilitetea ardhi ya wenyeji mpaka wakoloni walipokipiga marufuku mwaka 1940. Miaka arobaini baadaye, Mbunge wa Wundanyi, Mashengu wa Mwachofi, alikuwa miongoni mwa wabunge wachache waliothubutu kuuliza maswali magumu Bungeni, hata wakabandikwa jina la ndevu. Kuuliza ni urithi wetu.

Basi tufanye nini? Nina mambo manne.

La kwanza, tuhudhurie. Mkutano wenye wazazi ishirini katika shule ya watoto mia tatu hauna haki ya kulalamika.

La pili, tupige kura ya siri. Haihitaji mitambo. Karatasi za daftari zilizokatwa vipande na katoni iliyotobolewa juu zinatosha, kisha kura zihesabiwe mbele ya wote.

La tatu, tudai hesabu kwa maandishi. Shule zetu hupata fedha kwa njia nyingi: mgao wa Serikali, fedha za maeneo bunge, basari za kaunti, misaada ya makanisa, na huko Kasigau hata mapato ya mauzo ya kaboni ya misitu yamesaidia basari na majengo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila shilingi iliyoingia na iliyotoka ibandikwe ukutani kila muhula, mahali ambapo mzazi ataisoma bila kuomba ruhusa.

La nne, tukinyimwa, tutumie sheria. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili. Huhitaji kueleza sababu. Usiyejua kuandika utasema kwa mdomo, na afisa anayehusika atahakikisha ombi lako limeandikwa. Jibu linatakiwa kutolewa ndani ya siku 21. Usipolipata, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Hayo yote unaweza kuyafanya bila kumlipa wakili, nami nasema hivyo nikijua kwamba uwakili ndio unaonipa ugali.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wapo watakaosema kwamba maneno haya yataleta siasa shuleni. Nawajibu kwamba siasa iko shuleni tayari, tena ni siasa ya watu wachache wanaoamua mambo baada ya wengine kuondoka. Tunachoomba ni kwamba maamuzi yafanywe wenyewe tukiwapo. Muhula wa kwanza utakapofunguliwa, ulizeni tarehe ya mkutano mkuu. Mkiambiwa haijapangwa, andikeni barua ya kuiomba, mtie sahihi wengi, na mbaki na nakala.

 Mungu azibariki shule zetu na watoto walio ndani yake.