Tajiri Akistaafu, Karakana Iende kwa Nani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mombasa)



Leo hatukuja kusema habari ya nyongeza ya mshahara. Twataka kusema habari ya jambo ambalo wengi wetu hulifikiri usiku, na mchana hatulitaji: tajiri akizeeka, kazi yetu itakwenda wapi?

Nyote mwazijua karakana ndogo za kisiwani hapa: maseremala wa Mji wa Kale, mafundi cherehani wa Biashara Street, wapika mikate. Kazi ilianzishwa na babu, baba akairithi, na vijana sasa wako Nairobi au ng'ambo, hawataki kushika randa. Mzee amechoka. Akifunga mlango, fundi aliyekaa miaka 20 hurudi nyumbani na sanduku lake la zana.

Kwanza tujue haki yetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanyakazi akiondolewa kwa sababu kazi imekwisha, si kwa kosa lake, chama chake na afisa wa kazi wapewe habari mwezi mmoja mbele, naye alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Miaka 20 ni mshahara wa siku 300. Kwa hivyo kufunga nako kuna gharama, na tajiri aijua. Hapo ndipo penye nafasi ya kumwambia kwa adabu: Mzee, usifunge. Tuuzie sisi.

Wako watakaocheka wasikie fundi ataka kununua karakana. Na waende Changamwe, ng'ambo tu ya Makupa. Huko wachongaji wa vinyago waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1963, Akamba Handicraft. Hawakununua kwa tajiri, walianza wenyewe; lakini wameonyesha kwamba watu wa patasi na tezo waweza kuwa na mahali pao pa kazi na duka lao.

Njia ni hii. Kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika, watu 10 waweza kuomba kuandikishwa. Kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Mtu mmoja hawezi kushika zaidi ya sehemu moja katika tano ya hisa zote. Hesabu hukaguliwa kila mwaka na kusomwa mbele ya mkutano mkuu. Afisa wa ushirika wa kaunti ndiye wa kuendewa kwanza.

Na fedha? Tufanye mfano. Karakana ina watu 12, na mzee ataka shilingi 1,800,000. Kila mtu akitoa hisa ya shilingi 30,000, hupatikana 360,000. Zilizobaki ni 1,440,000. Mzee akikubali kulipwa kwa miaka 4, ni shilingi 30,000 kila mwezi, kutoka katika mapato ya kazi. Yeye apata kama malipo ya uzeeni, na jina la kazi yake halifi. Lakini kabla ya kutia sahihi tuulize: je, karakana hii hubakiwa na 30,000 kwa mwezi, baada ya mishahara, mbao, umeme na kodi ya nyumba? Kama haibakiwi, bei hiyo si bei yetu.

Sasa maonyo, ndugu zetu, maana hatukuja kuwauzia ndoto.

Moja, tazameni nyumba. Biashara ni ya mzee, lakini jengo huenda ni la mtu mwingine, na mengine Mji wa Kale ni ya wakfu. Mapatano ya kupanga yawe yameandikwa kwa jina la ushirika kabla ya kulipa senti.

Mbili, tazameni madeni. Sheria yataka uuzaji wa biashara utangazwe katika Gazeti la Serikali. Mnunuzi asiyetangaza aweza kubebeshwa madeni ya mwenye kwanza.

Tatu, malimbikizo yenu ya miaka ni yenu. Mtu akitaka kuyageuza hisa, na afanye kwa hiari yake na kwa maandishi. Asiyetaka asisukumwe.

Nne, mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi hodari si lazima awe mweka hesabu hodari. Mchagueni mmoja, mumfundishe, na wengine wawili wamkague.

Tano, tusijifanye matajiri wapya. Kijana tutakayemwajiri kesho asiwe kibarua wa milele; awekewe muda, kisha apewe mlango wa kuingia uanachama. Na chama cha wafanyakazi kisiachwe, kwa maana hata msimamizi tuliyemchagua wenyewe aweza kukosea.

Huko Mondragón, nchi ya Hispania, vijana watano walianza kiwanda cha namna hii mwaka 1956, na kikazaa ushirika mkubwa unaojulikana dunia nzima. Hata hivyo mwaka 2013 kiwanda chao kimoja kikubwa, Fagor Electrodomésticos, kilianguka kwa madeni. Kumiliki hakuzuii hasara. Kunatupa haki ya kuiona hasara ikija kutoka mbali, na kuamua pamoja la kufanya.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waliweka zana chini ili wasikilizwe. Leo twasema, zana zisiwekwe chini; zibadilike mwenyewe.

Msingoje mzee augue. Mwendeeni angali na nguvu, aweze kuwajulisha kwa wateja na wauza mbao, na kuwaonyesha vitabu vyake. Kisha njooni ofisini na mambo matatu: majina yenu, miaka ya kila mtu kazini, na orodha ya mashine. Tutakaa nanyi tupige hesabu.