Jeep Nyuma ya Nyumba: Habari za Gari Linalovutwa Pasipo Dereva

Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wenu mmeliona barabarani kwa namna nyingine. Gari moja limeharibika, jingine linalivuta kwa kamba, na ndani ya lile bovu yuko mtu ameshika usukani, macho yamemtoka, mguu u juu ya breki. Kamba ikilegea, hukanyaga. Kona ikija, huzungusha usukani. Wa mbele akisimama, naye husimama; asiposimama, humgonga mwenzake. Kwa kweli yule wa nyuma ndiye mwenye kazi ngumu, si yule anayevuta.

Sasa fikirini gari zima, si bovu, linavutwa magurudumu yake yote manne yakiwa chini, tangu asubuhi hata jioni, wala ndani yake hamna mtu hata mmoja. Nchini Marekani jambo hili ni la kila siku. Huko wako watu wengi, hasa wazee waliokwisha kustaafu, wanaosafiri katika gari-nyumba, yaani motokaa kubwa kama basi, ndani yake mna vitanda, jiko, choo na tangi la maji. Kiwanda cha Winnebago, katika mji wa Forest City, jimbo la Iowa, kilianza kuyatengeneza magari ya namna hii mwaka 1966, na jina lake limejulikana sana huko. Gari la urefu wa futi 35 ni zuri kulala, lakini nani atakwenda nalo dukani kununua mkate? Tena haliwezi kabisa kupita njia za mawe na mchanga. Kwa hiyo wenyewe hufunga Jeep nyuma yake. Nyumba hubaki kambini, na Jeep huenda milimani.

Wazee wetu waliokwenda Burma wakati wa vita walizijua Jeep, nao walisimulia namna gari lile dogo lilivyopanda matope ambayo malori yaliyashindwa. Jeep za leo ni kubwa na nzito kuliko zile, lakini jambo moja halikubadilika, nalo ndilo linalozifanya zipendwe na watu wa gari-nyumba. Nitalieleza sasa hivi.

Mimi niliwahi kusafiri na wenyeji wangu, mume na mke, kutoka Denver mpaka Moab katika jimbo la Utah, mwendo wa maili 350 hivi. Moab ni mji mdogo uliozungukwa na majabali mekundu, na tangu mwaka 1967 wenye Jeep wamekuwa na desturi ya kukusanyika huko siku za Pasaka ili kuyapanda majabali hayo. Asubuhi ya safari nilidhani tutafunga Jeep kwa dakika tano na kuondoka. Tulikaa karibu saa nzima. Bwana yule aliniambia, “Humo ndani hatakuwamo mtu. Kila kazi ambayo mtu angeifanya, lazima tuifanye sasa.”

Kazi ya kwanza ni kuyaacha magurudumu yazunguke pasipo kuzungusha vyuma vya ndani. Hapa ndipo magari mengi yalipoharibika, basi sikilizeni vizuri. Katika gari la gia za kujibadilisha zenyewe, mafuta yanayolainisha vyuma vya sanduku la gia husukumwa na pampu, na pampu hiyo huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu husimama. Ukilivuta gari hilo, magurudumu huzungusha vyuma vya ndani vikiwa vikavu. Baada ya maili chache huwa moto, kisha husagana, na mwenye gari hana habari mpaka atakapofika na kujaribu kuondoka.

Jeep ya namna ya Wrangler ina sanduku la pili la gia, dogo, nyuma ya lile kubwa. Kazi yake ni kuzigawa nguvu za injini kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Nalo lina mkono wake, na kwenye mkono huo pana mahali palipoandikwa herufi N. Ukiutia mkono katika N, ile mihimili miwili ambayo mafundi huiita propela, wa mbele na wa nyuma, hukatwa kabisa na injini na sanduku kubwa la gia. Magurudumu huzunguka, propela huzunguka, lakini sanduku kubwa limelala usingizi. Hilo ndilo jambo nililosema. Wala msidhani kila gari lenye kuendesha magurudumu manne lina mahali hapo. Hata miongoni mwa Jeep ziko zisizokuwa na N, na hizo hazifai kuvutwa magurudumu yakiwa chini. Kitabu cha gari ndicho cha kuulizwa, si jirani.

Kuutia mkono katika N kuna utaratibu wake. Gari husimama kabisa mahali tambarare, injini inanguruma, mguu u juu ya breki. Gia kubwa hutiwa kwanza katika nyutro, ndipo mkono mdogo husogezwa mpaka N. Kisha hufanywa jaribio, na jaribio hili watu wavivu hulipita. Tia gia ya kurudi nyuma, ondoa mguu kwenye breki, uhesabu mpaka tano. Gari lisitikisike. Tia gia ya kwenda mbele, uhesabu tena. Likisogea hata kidogo, meno hayajaachana, nawe uanze upya. Likitulia, zima injini, na gia kubwa uitie katika P, pale pa kuegesha. Watu wengi hushangaa hapo. Wanasema, gari likiwa katika P litavutwaje? Litavutwa, kwa sababu P hufunga vyuma vya sanduku kubwa tu, navyo vimekwisha kukatwa na magurudumu. Kuvifunga ni kwa faida, visije vikakokotwa na kuzunguka vikiwa vikavu. Gari la kubadilisha gia kwa mkono nalo huachwa ndani ya gia kwa sababu iyo hiyo.

Usukani je? Magari yenye ufunguo wa zamani hufunga usukani ufunguo ukitolewa. Gari la namna hiyo likivutwa, magurudumu ya mbele hayatafuata kona bali yataburutwa, na mipira itakwisha siku moja. Kwa hiyo ufunguo huachwa pale ambapo usukani uko huru. Tena viungo vya usukani visiwe vimelegea. Jeep nyingi za kupanda mawe zimeinuliwa juu na kuvishwa mipira mikubwa, na hizo huweza kutetemeka mbele kwa nguvu. Dereva akiwamo angeusikia mtetemeko mikononi mwake, lakini hayumo.

Chuma cha kuvutia kina umbo la herufi A. Kichwa chake huingia katika tundu la mraba nyuma ya gari-nyumba, na miguu yake miwili hufungwa mbele ya Jeep. Kifungwe kwenye vishikio vilivyokazwa katika fremu, kisifungwe katika bampa tupu, maana bampa hung’oka. Chuma kiwe karibu sawa na ardhi. Tofauti ya kimo baina ya ncha mbili isizidi inchi 3 hivi. Jeep iliyoinuliwa aghalabu huwa juu kuliko tundu la gari-nyumba, na hapo hutiwa kipande cha chuma cha kupandisha. Kisipotiwa, basi kila breki ya ghafula huifanya Jeep ijaribu kupanda juu ya ile nyumba. Chini ya chuma hupitishwa kamba mbili za waya, zikipishana kama msalaba, ili chuma kikikatika kidakwe, kisichimbe lami. Nasi tulitazama uzito ulioandikwa juu ya kila kitu: chuma, tundu, kamba. Jeep ya milango minne hupita ratili 4,000, na chombo kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachohesabiwa.

Taa ni jambo fupi. Waya wa umeme hutoka katika gari-nyumba na kuziwasha taa za nyuma za Jeep. Lakini umeme usiachwe urudi ndani ya Jeep yenyewe na kuchoma vyombo vyake, kwa hiyo huwekwa dayodi, ambayo ni kama mlango wa kupita upande mmoja tu. Wengine hutia taa zao mbali kabisa.

Sasa nakuja kwenye breki, nami sitaharakisha. Kutoka Denver kwenda magharibi, barabara hupanda milima mpaka shimo la Eisenhower, njia iliyochimbwa ndani ya mlima na kufunguliwa mwaka 1973. Shimo hilo li futi 11,158 juu ya bahari. Ukitoka upande wa pili, barabara hushuka. Mnaojua mteremko wa Kitonga, njia ya Iringa, mtafahamu moyo wa dereva unavyokuwa hapo. Ratili 4,000 nyuma yako hazikuvuti tena, sasa zinakusukuma. Breki za gari-nyumba zimetengenezwa kusimamisha gari-nyumba, zikibebeshwa na Jeep juu yake huwa moto, na breki iliyopata moto kupita kiasi haishiki. Kwa sababu hiyo majimbo mengi ya Marekani yameamuru kwa sheria kwamba kinachovutwa, kikizidi uzito fulani, kiwe na breki zake. Mengi hutaja ratili 3,000, yaani karibu kilo 1,360, na Jeep ya milango minne imekwisha kuupita uzito huo.

Lakini nani atakanyaga, naye hayumo? Bwana yule aliweka kisanduku sakafuni mbele ya kiti cha dereva, mkono wake umefungwa kwenye kanyagio la breki. Ndani ya kisanduku mna chombo kinachotambua mwendo unapopungua, nacho husukuma kanyagio kwa kadiri hiyo. Wengine hupendelea breki zilizofungwa ndani ya gari daima, zinazopokea amri kutoka breki za gari-nyumba zenyewe. Mimi naona hizi za pili ni bora kwa mtu asafiriye kila mwezi, maana hazina jambo la kusahauliwa, lakini bei yake ni kubwa, na kisanduku huweza kuhamishwa gari hata gari.

Kisanduku kina madhara yake pia. Kikirekebishwa kuwa chepesi mno, kitaikanyaga breki kila penye shimo, na Jeep itavutwa breki zimeshika. Tena hula umeme wa betri ya Jeep, basi waya wa kuilisha betri kutoka mbele hauna budi kuwapo. Na mwisho kuna kamba nyembamba ambayo naiona ni ya thamani kuliko vyote: ncha moja i katika gari-nyumba, ncha nyingine i katika swichi iliyo mbele ya Jeep. Jeep ikikatika na kuachwa, kamba huchomoa swichi, na breki za Jeep hujifunga zenyewe. Kamba hiyo ifungwe kwenye chuma cha gari-nyumba lenyewe. Ikifungwa kwenye chuma cha kuvutia, vyote vikaanguka pamoja, haitachomoa kitu.

Nami niliaminiwa kazi moja tu asubuhi ile, kuilegeza breki ya mkono. Nikasahau. Nyumba ile ina nguvu nyingi hata dereva hakusikia chochote. Tulikuwa na desturi ya kusimama baada ya maili chache kugusa mipira na kutazama pini, na tuliposimama tulipokewa na harufu ya kuungua. Magurudumu ya nyuma hayakugusika. Tulikaa kando ya barabara mpaka yalipopoa, na bwana yule hakunigombeza, ila tangu hapo alikwenda kuitazama breki ile yeye mwenyewe. Jambo jingine alilonikataza ni kumwelekeza arudi nyuma. Magurudumu ya mbele ya gari linalovutwa hujigeuza ubavu mara likisukumwa nyuma, na chuma hupinda. Ukiingia mahali pasipo na njia ya kutokea, fungua Jeep, uigeuze peke yake.

Tulifika Moab jua linakaribia kutua, tukapewa mahali penye mteremko mdogo, na chini yetu palikuwa na hema la watu wengine. Mke wa mwenyeji wangu alichungulia ndani, akaona gia i katika P, akasema, “Iko salama,” akaanza kutoa pini. Lakini kumbukeni, ule mkono mdogo ulikuwa bado katika N. Katika hali ile P haishiki kitu. Pini ya pili ilipotoka, Jeep ilianza kwenda, polepole, pasipo sauti yoyote, kuelekea hema. Mumewe alikimbia, akaufungua mlango, akaivuta breki ya mkono. Ilisimama kama hatua sita kutoka kwenye kamba za hema, na waliokuwamo hawakujua lolote.

Utaratibu wenyewe ni huu. Jeep ingali imefungwa nyuma ya nyumba, vuta breki ya mkono. Kanyaga breki ya mguu, washa injini, tia gia kubwa katika nyutro, kisha toa mkono mdogo katika N na kuurudisha mahali pake pa kuendeshea. Jaribu gia, uone kwamba gari linataka kwenda. Tia P, zima injini. Baada ya hayo ndipo mkono wako uguse pini ya kwanza.